Shabaha ya Bunduki na Kibla cha Msikiti

Waumini walipobaini kwamba mistari ya safu katika msikiti wetu hapa Rusimbi imepinda, kamati ilisita. Mistari hiyo ilichorwa na wazee waliokwishatangulia mbele ya haki, na baadhi yetu tuliona kuifuta ni kuwavunjia heshima.

Aliyetutuliza ni babu mmoja, askari mstaafu. Alisema: "Wanangu, risasi za Lee-Enfield kuukuu zikipiga pamoja, lakini kushoto ya alama, msimlaumu mpigaji. Mkono wake umetulia. Sogezeni kidogo kushoto kile chuma cha kulengea kilicho kwenye ncha ya mtutu, kisha mpige tena."

Basi tarehe 16 Julai, saa 6:27 mchana, jua likiwa juu ya Al-Kaaba, tulisimamisha fimbo wima uani. Kutoka ncha ya kivuli kuelekea shina la fimbo ndiko kibla: kwetu ni kaskazini, digrii 20 hivi kuelekea mashariki. Kwa masafa ya zaidi ya kilomita 3,000, kosa la digrii moja hufika kilomita 50.

Na swala zilizopita? Imamu alitukumbusha Maswahaba wa Quba, waliogeuka ndani ya swala habari ya kibla kipya ilipowafikia. Swala zao za awali hazikupotea.

Alhamdulillah, mistari mipya imechorwa. Aliyeshika kamba ni mjukuu wa mmoja wa wazee wale.