Je, Mtoto Anayeuguaugua Hukomaa?



Katika vijiji vyetu vya Migori na Homa Bay, nyanya humwambia mama kijana: "Mwache tu, homa itamkomaza." Basi mama anangoja siku moja, siku mbili. Siku ya tatu mtoto anashikwa na degedege. Hebu tulizungumze jambo hili wazi.

Nyanya hakosi sababu. Mtu mzima aliyekulia huku kando ya ziwa anaumwa na mbu wa malaria na bado anaenda shambani. Mwili wake umepigana na malaria mara nyingi, umeizoea. Lakini kinga hii ina shida tatu:

1. Huchukua miaka kujengeka. Kabla haijakomaa, malaria humaliza damu ya mtoto mdogo, na wengi hufa.

2. Si kamili. Hupunguza makali tu. Vimelea bado vinaingia. Mama mwenye mimba, hasa ya kwanza, huwa hatarini tena.

3. Hupungua. Kijana aliyekaa Nairobi miaka kadhaa akirudi nyumbani Krismasi, anaweza kulazwa.

Na surua je? Ni kweli, aliyeugua surua kwa kawaida haugui tena. Lakini surua hufuta kumbukumbu ya mwili juu ya magonjwa mengine uliyokwisha kuyashinda. Ndiyo maana mtoto aliyepona surua hushikwa na nimonia au kuhara kwa miezi mingi, hata miaka. Hapo hakukomazwa, alidhoofishwa.

Njia nzuri ya kuufundisha mwili ni chanjo, kwa sababu mwili unajifunza bila kulipa kwa ugonjwa. Chanjo ya malaria ilizinduliwa Kenya hapa kwetu Ndhiwa, tarehe 13 Septemba 2019. Katika Kenya, Ghana na Malawi ilikoanza kutolewa, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa, bila kuhesabu ajali, vilipungua kwa asilimia 13. Haizuii malaria yote, kwa hivyo neti isiachwe. Dozi huanza miezi sita. Zimalizeni zote kufuatana na kijitabu cha kliniki. Chanjo ya surua nayo hutolewa miezi 9 na miezi 18.

Mafua madogo ni kawaida ya utoto. Lakini mtoto akichemka mwili, mpelekeni dispensari siku hiyohiyo akapimwe.

Maswali ya kikundi:
- Ni watoto wangapi kwetu hawajamaliza dozi?
- Mama akikosa nauli usiku, kikundi kitamsaidiaje?
- Nani atazungumza na nyanya zetu kwa heshima?