Karani wa kuingiza data: kazi ni ipi, na inampeleka mtu wapi?

Leo tunazungumza na vijana wa Cyanzarwe, hasa waliomaliza shule ya sekondari na wakarudi nyumbani kusaidia kwenye viazi huku wakitafuta kazi ya ofisini. Wengi huona tangazo limebandikwa: "Anatafutwa karani wa kuingiza data." Hujiuliza kama ni kazi ya kweli, na kama ina kesho. Tujibu hatua kwa hatua.

Karani huyu hufanya nini? Huchukua taarifa zilizoandikwa kwa kalamu kwenye fomu na kuziweka kwenye kompyuta. Kwenye kituo cha afya ni idadi ya waliotibiwa malaria, watoto waliochanjwa na akina mama waliojifungua. Tangu mwaka 2012, Wizara ya Afya ya Rwanda hukusanya takwimu hizo katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Kwenye mashirika ya misaada ni orodha za familia, ukubwa wa kaya na kilichogawiwa.

Wilaya yetu ya Rubavu inajua umuhimu wa orodha hizo. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka jioni ya tarehe 22 Mei 2021, maelfu ya watu walivuka mpaka kutoka Goma wakaingia kwetu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mto Sebeya ulifurika na kubomoa nyumba. Mvua ya usiku ule iliua zaidi ya watu 120 nchini. Mwezi Januari 2025, vita vya Goma vilileta tena watu mpakani. Kila mara, baada ya maji ya kunywa na turubai, lilifuata swali lile lile: nani yuko hapa, na anahitaji nini? Jibu linapitia mikononi mwa aliyeketi mbele ya kibodi.

Sasa sikiliza kwa nini kosa dogo huwa kubwa. Kitambulisho cha Rwanda kina tarakimu 16. Ya kwanza inaonyesha kama mtu ni raia, mkimbizi au mgeni: 1, 2 au 3. Nne zinazofuata ni mwaka wa kuzaliwa. Ya sita ni 7 kwa mwanamke na 8 kwa mwanamume. Mbili za mwisho ni za kuhakiki namba nzima.

Lakini programu ya Excel, inayotumika karibu kila ofisi, hutunza tarakimu 15 tu za namba. Ukiandika namba ya kitambulisho bila kuitayarisha safu, tarakimu ya 16 hugeuzwa kuwa sifuri. Haipigi kengele, wala haikuulizi. Namba ya simu inayoanza na 078 nayo hupoteza sifuri yake ya mbele.

Fikiria mama aliyebomokewa na nyumba. Amepanga foleni tangu alfajiri na kitambulisho mkononi. Karani wa ugawaji anatafuta namba yake, haipo. Mama anaambiwa asubiri, naye hajui kwamba kosa si lake. Amekosa turubai kwa ajili ya tarakimu moja.

Dawa yake ni rahisi. Kabla ya kuandika chochote, chagua safu nzima uipange kama maandishi, si namba. Ukiifungua fomu ya mwanamke ukaona tarakimu ya sita ni 8, simama, uirudie karatasi. Angalia majina pia: Kalisa na Karisa wanaweza kuwa mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, au ndugu wawili. Usikisie, muulize aliyejaza fomu. Ofisi zenye uangalifu huwapa makarani wawili fomu zile zile, kisha hulinganisha walichoandika.

Tuje kwenye swali la pili: kazi hii ina kesho? Tuwe wakweli. Mkataba huwa mfupi mara nyingi, mwezi mmoja au mitatu, na huisha mradi unapoisha. Pia kunakili kutoka kwenye karatasi kunapungua. Katika sensa ya Agosti 2022, iliyohesabu watu zaidi ya milioni 13, wahesabuji walibeba tableti wakaingiza majibu papo hapo mlangoni mwa kaya. Karatasi za kunakili baadaye hazikuwepo. Mashirika mengi nayo hukusanya taarifa kwa simu.

Kwa hiyo anayejua kuchapa haraka tu atabaki njiani. Lakini tableti haikuondoa makosa. Imeyahamisha kutoka mezani hadi mlangoni. Bado anahitajika mtu wa kuona kwamba mtoto mmoja ameandikwa ana miaka 92, kwamba kaya moja imeingia mara mbili, kwamba kijiji kizima hakikuleta taarifa. Huyo ndiye mhakiki wa data. Anayeanza na uingizaji akajifunza uhakiki, kisha kutengeneza fomu za simu na kuandika ripoti fupi, anaweza kufika kwenye kazi ya afisa wa takwimu au wa ufuatiliaji wa miradi. Uingizaji ni mlango. Usiugeuze kuwa chumba cha kulala.

Kabla hujaomba kazi, jizoeze mambo manne. Chapa bila kutazama vidole. Jua Excel zaidi ya kujaza: kupanga, kuchuja, kutafuta yaliyojirudia. Andika tarehe kwa mpangilio mmoja, siku, mwezi, mwaka. Na hifadhi nakala ya kazi yako kila jioni.

La tano ni kufunga mdomo. Utaona nani ana virusi vya UKIMWI, nani ni mkimbizi, nani hana kitu nyumbani. Sheria ya Rwanda ya tarehe 13 Oktoba 2021 inalinda taarifa binafsi za watu. Usipige picha orodha, usiitume kwa rafiki, usiisimulie sokoni. Huko mpakani, jina likifika kwa mtu asiyefaa linaweza kumponza mwenyewe.

Na onyo la mwisho: kazi ya halali hainunuliwi. Anayekuomba pesa au mapenzi ili akuweke kwenye orodha ya walioajiriwa anakutapeli au anakudhulumu. Usikubali, na umweleze mtu unayemwamini.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Je, jina lako limewahi kukosekana au kukosewa kwenye orodha? Ulifanya nini?
2. Nani hapa kijijini anaweza kuwafundisha wengine kompyuta, na siku gani?
3. Ungejuaje kwamba tangazo la kazi ni la kweli?

Leo ukifika nyumbani, kichukue kitambulisho chako ukisome tarakimu kwa tarakimu. Umeanza kazi ya uhakiki.