Boikoti: neno lililotoka kwenye jina la mtu

Chama cha UDPS cha Étienne Tshisekedi kilipokataa kuingia katika uchaguzi wa 2006, watu walisema kimefanya boikoti. Sisi tulilipata neno hilo kwa Kifaransa, na Wafaransa walilichukua kwa Kiingereza. Lakini mbele ya 1880 hata Waingereza hawakuwa nalo. Lilikuwa jina la ukoo tu.

Charles Boycott, ambaye watu walimwita kapiteni, alisimamia mashamba ya tajiri mmoja, Lord Erne, huko Mayo, magharibi mwa Ireland. Mwaka ule mavuno yalikuwa yameharibika. Wakulima waliomba kodi ya mashamba ipunguzwe kwa asilimia 25. Walipewa 10. Waliokosa kulipa wakaanza kuletewa barua za kufukuzwa.

Tarehe 19 mwezi wa tisa, katika mji wa Ennis, kiongozi wa wakulima Charles Stewart Parnell aliwaomba watu wasimuue anayechukua shamba la mwenzake aliyefukuzwa. Wamtenge tu: barabarani, dukani, hata kanisani. Huko Mayo, Boycott ndiye aliyetengwa hivyo. Wafanyakazi wake waliacha mashamba, mfuaji wa nguo hakuja tena, mhunzi alikataa kazi yake, maduka yakakataa kumuuzia. Tusidanganyane: wenye maduka wengine waliogopa majirani kuliko walivyomchukia kapiteni.

Watu 50 waliletwa kutoka kaskazini kumvunia viazi na mazao mengine, wakilindwa na wanajeshi karibu 1.000. Mazao yalikuwa ya paundi 500 hivi. Kuyavuna kuligharimu karibu 10.000. Hakuna aliyeuawa. Mwezi wa kumi na mbili haujaanza vizuri, Boycott akaondoka Ireland.

Neno lenyewe lilitungwa na padri wa pale, John O'Malley. Mwanahabari Mmarekani, James Redpath, alikuwa akitafuta namna ya kuandika kitendo hicho, na maneno ya wasomi yasingeeleweka na wakulima. Padri akamshauri atumie jina la kapiteni.

Huku kwetu jamaa ya karibu ya boikoti ni ville morte, kama ile ya tarehe 16 mwezi wa pili 2016, ya kumdai Rais Kabila aheshimu mwisho wa muhula wake. Tofauti ni kubwa. Wakulima wa Mayo walimfungia mtu mmoja milango. Ville morte inafunga soko zima, na mama anayeuza sombe Kadutu analala bila pato la siku, wakati mkubwa anayelengwa hajawahi kununua kitu kwake.