Samadi Iliyooza Ndiyo Mbolea ya Viazi Vitamu

Katika kukagua vitabu vya vyama vyetu vya pamba, jambo moja hujirudia. Mwanachama hukopa mbolea ya chumvichumvi, mvua hukatika mapema, na deni hukatwa katika malipo yake ya pamba. Wakati huo huo, nyumbani kwake zizi limejaa samadi isiyoguswa. Kwa zao la viazi vitamu, linalotupatia michembe na matobolwa ya kutuvusha miezi ya njaa, samadi hiyo ni hazina, mradi itumiwe ipasavyo.

Mwanachama mmoja alinionyesha shamba lenye marando mazito ya kupendeza. Alipofukua tuta, tulikuta mizizi myembamba kama vidole. Alikuwa ametia samadi mbichi, tena nyingi mno. Naitrojeni ikizidi, mmea huota majani badala ya kutia viazi. Kiazi huhitaji sana potasiamu, ambayo hupatikana pia katika majivu ya jikoni.

Basi ifuatwe njia hii. Kwanza, samadi ilundikwe kivulini pamoja na majani makavu, inyunyiziwe maji, ifunikwe, na igeuzwe kila baada ya wiki tatu. Ipatapo miezi mitatu hivi, chomekeni kijiti katikati ya lundo. Kikitoka na joto, ngojeni. Kikitoka baridi, na samadi ikawa nyeusi isiyonuka, imeiva. Marando ya zamani yenye fukusi yasitiwe humo, yasije yakarudisha wadudu shambani.

Pili, kiasi. Tani 4 kwa ekari zatosha, yaani kilo 1 kwa kila mita 1 ya tuta, ikiwa matuta yamepishana mita 1. Samadi ichanganywe na udongo wakati wa kuinua tuta, kisha marando ya sentimita 30 yapandwe kwa nafasi ya sentimita 30.

Tani 4 ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja, na wapo wanachama wasio na ng'ombe. Hapo ndipo ushirika unapohitajika. Ndugu Makatibu, liwekeni jambo hili katika ajenda ya mkutano mapema kabla ya mvua: nani ana samadi, nani ana mkokoteni, nani atalipa kwa nguvu zake. Mizani ipimayo pamba yaweza kupima samadi pia. Kila debe liandikwe kitabuni, ili asiye na ng'ombe asidhulumiwe, wala mwenye zizi asinung'unike.