Injini nyembamba iliyo nyuma ya ndege za kivita za Kenya

Oktoba 2011, Kenya ilipopeleka majeshi Somalia baada ya wageni kutekwa nyara Kiwayu na Manda, ng'ambo tu ya mtaa wa Mkomani mjini Lamu, ndege zake aina ya F-5 zilishiriki mashambulizi ya angani. Mengi yaliandikwa kuhusu mabomu, machache mno kuhusu kinachozisukuma ndege hizo.

Kila F-5 hubeba injini mbili za J85, zilizoundwa na General Electric ya Marekani. Kipenyo chake hakizidi sana nusu mita. Siri ya wembamba huo ni njia ya hewa. Katika injini za jeti za Mwingereza Frank Whittle, gurudumu moja pana liliirusha hewa pembeni kabla ya kuelekezwa penye moto. Katika J85, hewa hupita moja kwa moja, mithili ya upepo wa bahari katika vichochoro vya Mkomani, huku ikibanwa na safu baada ya safu ya mapanga madogo. Injini za F-5E zina safu tisa.

Wajerumani ndio waliotangulia kuipeleka injini ya namna hii vitani. Jumo 004, iliyoirusha Messerschmitt Me 262 mwaka 1942, ilikuwa na safu nane. Lakini nikeli na kromi zilikuwa adimu, na injini zilizotengenezwa kwa wingi mwaka 1944 zilidumu saa chache mno.

Mfumo huu una udhaifu mwingine. Hewa ikivurugika mlangoni, mkondo hukatika katikati ya safu, injini ikakohoa au hata kuzimika. Ndivyo ilivyozikuta Hawker Hunter za mwanzo za Uingereza zilizotumia Rolls-Royce Avon: zilipofyatua mizinga zikiwa juu sana, injini ilivuta moshi wa mizinga hiyo. Rubani alimlenga adui, akahatarisha injini yake mwenyewe! Hunter zenye injini ya Sapphire hazikupata adha hiyo.

Dawa ya kwanza ilikuwa kupunguza mafuta wakati wa kufyatua. Baadaye Rolls-Royce iliiunda upya Avon, ikiiga mapanga ya Sapphire, mpinzani wake. Hunter za kushambulia ardhini zilizonunuliwa na Kenya miaka ya 1970 zilikuwa na Avon ya kizazi hicho kilichorekebishwa.