Aseniki: Sumu Isiyoungua Motoni

Barabara itokayo Makambako kwenda Njombe hupita katikati ya misitu ya kupandwa: misindano, miwati na milingoti. Milingoti iliyonyooka vizuri hufaa kwa nguzo za umeme. Lakini mlingoti mbichi ukichimbiwa ardhini bila kinga huliwa na mchwa na kuozeshwa na kuvu baada ya miaka michache tu. Kwa hiyo nguzo hutiwa dawa kwanza. Zipo zilizo nyeusi, ambazo zimetiwa kriosoti, mafuta yatokanayo na lami ya makaa ya mawe. Hizo ni habari nyingine. Zinazohusika hapa ni zile zenye ukijani hafifu. Ukijani huo ni alama ya dawa yenye elementi tatu: shaba, kromiamu na aseniki.

Dawa hiyo ilibuniwa na Sonti Kamesan, mwanasayansi wa India, mwaka 1933. Nguzo iliyokauka huingizwa ndani ya silinda ndefu ya chuma, hewa hunyonywa, kisha maji yenye dawa husukumwa kwa kanieneo kubwa hadi yapenye ndani ya mti. Shaba huzuia kuvu. Aseniki huua mchwa, pamoja na kuvu wachache wanaostahimili shaba. Kromiamu kazi yake ni kuzifunga nyingine mbili katika nyuzi za mti ili mvua isizioshe kwa urahisi. Nguzo ya namna hii huweza kusimama miongo kadhaa.

Aseniki ni elementi adimu: katika gamba la dunia kuna wastani wa gramu 2 hivi tu kwa kila tani ya mwamba. Namba yake atomia ni 33. Mwanafunzi akiitafuta katika jedwali la elementi ataikuta chini ya fosforasi, katika kundi lile lile, na hapo ndipo ilipo siri ya ukali wake. Kila kiumbe hai huhitaji fosforasi, nayo huingia katika seli ikiwa fosfeti. Aseniki iliyoungana na oksijeni kwa wingi huitwa aseneti, na umbo lake hufanana mno na la fosfeti. Mizizi ya mmea haiwezi kuzitofautisha vema. Hufungulia zote mlango mmoja. Aseneti ikishaingia hushika nafasi ya fosfeti pale seli inapotengeneza ATP, kampaundi ya kuhifadhia nishati. Kampaundi inayopatikana badala yake huvunjika papo hapo, na nishati hupotea bure.

Aina ya pili, asenaiti, ni mbaya zaidi. Hii hupenda salfa. Vimeng'enya vingi vina salfa mahali pake nyeti, na asenaiti hung'ang'ania hapo hata kimeng'enya kisiweze kufanya kazi tena. Kwa sababu hiyo hiyo aseniki hujikusanya katika nywele na kucha, ambazo zina protini yenye salfa nyingi.

Mtu aliyemeza kiasi kikubwa hutapika na kuharisha maji matupu, kiasi cha kudhaniwa ana kipindupindu. Anayepata kidogo kidogo kwa miaka mingi hutokwa na madoa ya ngozi, viganja na nyayo huwa vigumu, na hatimaye saratani ya ngozi, ya mapafu au ya kibofu yaweza kumpata. Ini hujitahidi kuibadili sumu hiyo ili itoke kwa mkojo, lakini kazi hiyo ina kikomo. Ndiyo maana tangu mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani limeshauri maji ya kunywa yasizidi mikrogramu 10 za aseniki kwa lita.

Je, nguzo iliyosimama kando ya njia ni hatari? Si sana. Kiasi kinachovuja ni kidogo, na udongo mwekundu wenye madini ya chuma huikamata aseneti karibu na shina la nguzo. Hata hivyo haifai kupanda viazi au mboga hapo, kwani mbolea ya fosfeti hugombea nafasi zile zile katika udongo na huweza kuiachilia aseniki.

Hatari kubwa imo jikoni. Njombe ina baridi kali mwezi wa Juni na Julai, na kipande kikavu cha nguzo iliyokatwa huonekana kuni nzuri. Moto huteketeza mti, lakini hauwezi kuteketeza elementi. Sehemu ya aseniki hupaa pamoja na moshi, na iliyobaki hulimbikizana katika majivu. Mwaka 1984 madaktari wa Marekani walieleza habari za familia moja ya Wisconsin iliyokuwa ikipasha nyumba joto kwa mbao za dawa hii. Watu wa nyumba hiyo walipatwa na vipele, walinyonyoka nywele, wakaumwa zaidi kila majira ya baridi. Ng'ombe nao huyapenda majivu hayo kwa sababu ya ladha ya chumvi, huyalamba, wakafa. Na Tanzania majivu yana kazi nyingi: hunyunyizwa bustanini, na mahali pengine maji yake hulainishia mboga. Aliyechoma nguzo hana budi kukumbuka majivu yake yamekwenda wapi.

Ajabu ni kwamba upo mmea unaoifurahia sumu hii. Mwaka 2001 wanasayansi wa Florida walitangaza kwamba kangaga aitwaye Pteris vittata, ambaye huota pia Afrika ya Mashariki, alikutwa akistawi mahali palipokuwa zamani na kiwanda cha kutia mbao dawa hii hii. Majani yake makavu yalikuwa na maelfu ya miligramu za aseniki kwa kila kilo, zaidi sana kuliko udongo alioota. Tangu hapo kangaga huyo amejaribiwa katika kusafisha udongo ulioharibika. Majani yakishavunwa, nayo hayachomwi ovyo wala hayapewi mifugo.