Baiskeli za kukodi mijini: nani analipia kinachomvuta mteja?

Mwekezaji akisikia biashara ya baiskeli za pamoja, swali lake la kwanza huwa: baiskeli ngapi? Swali hilo halitoshi. Katika biashara hii mteja huchukua baiskeli kituo kimoja na kuiacha kingine. Yafaa kujua kwanza kinachomfanya aipande, kisha nani anagharimia.

La kwanza ni ukaribu. Jijini Paris, mpango wa Vélib' ulioanza Julai 2007 uliweka vituo kila baada ya mita 300 hivi. Hakuna mtu anayetembea robo saa kufuata baiskeli ya safari ya dakika kumi.

La pili ni bei. Wateja wa Vélib' walilipa ada ya kujiunga, lakini nusu saa ya kwanza ya kila safari ilikuwa bure. Safari nyingi za mjini hazizidi muda huo.

La tatu ni usumbufu. Watu wa Paris walishuka mlima kwa baiskeli na kurudi kwa njia nyingine, vituo vya juu vikabaki vitupu. Mwaka 2008 aliyerudisha baiskeli kwenye vituo hivyo alianza kuongezewa dakika 15 za bure. Mjini Melbourne, Australia, sheria humtaka kila mpanda baiskeli avae kofia ngumu, na mpita njia haibebi mkononi. Mpango wa huko ulianza 2010, wateja wakawa wachache, ukafungwa 2019.

Vivutio hivyo vyote vina gharama. Vélib' ya awali iliendeshwa na kampuni ya JCDecaux, iliyopewa kwa malipo hayo nafasi za mabango ya matangazo jijini. Mapato hayo yaliziba pengo la nauli.

Kampuni ya Ofo ya China, iliyoanzishwa 2014, ilivuta mamilioni ya wateja kwa bei ya chini mno, bila chanzo cha namna hiyo. Kila mteja aliweka amana ya Yuan 99, baadaye 199. Fedha zilipokauka mwishoni mwa 2018, wateja zaidi ya milioni 10 walipanga foleni kudai amana zao.

Kwa hiyo, msomaji, ukiletewa hisa za biashara ya aina hii, usihesabu wapandaji tu. Uliza ile nusu saa ya bure inalipwa kutoka mfuko gani. Kama jibu ni amana za wateja au mtaji wako, funga pochi.